Dirisha Lisilofungika

Watu walimwita Refa, hata wale ambao hawajawahi kukanyaga uwanja. Siku za kazi alikuwa fundi wa lifti, akipanda na kushuka ndani ya mashimo ya maghorofa na tochi mdomoni, mikono imejaa grisi. Mwisho wa wiki alivaa kaptula nyeusi akachezesha mechi za mtaani. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Uwanjani filimbi ilimtosha, na nyumbani maneno alimwachia binti yake, ambaye tangu ajue kutamka alikuwa hanyamazi. Baba huyo alimpachika jina la Chiriku, likamganda hadi ukubwani.

Kiharusi kilimkuta bafuni asubuhi akinyoa ndevu. Alipozinduka hospitalini, mwili wote ulikuwa umemsaliti isipokuwa kidole gumba cha mkono wa kulia, na macho ambayo nayo yalitoka machozi na kujifumba yenyewe kila yalipotaka. Sauti ilikuwa imekwenda. Kuhusu akili, madaktari walisema huenda ipo, huenda haipo; ni vigumu kujua kwa mtu asiyeweza kujibu.

Chiriku hakusubiri wajue. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta kwa maduka ya dawa, zile ambazo muuzaji huzitumia kutafuta dawa na kutoa risiti. Alichukua kipanya cha zamani, akakipasua, akatoa kitufe kimoja na kukifunga kwa plasta chini ya gumba la baba yake. Kisha akaandika dirisha dogo lenye herufi zilizopangwa kwa mistari. Mwanga ulipita mstari baada ya mstari. Refa akibonyeza, mwanga unaanza kupita herufi moja moja. Akibonyeza tena, herufi inaandikwa. Neno moja lilichukua muda wa chai kuchemka. Neno la kwanza kabisa lilikuwa MGUU, kwa sababu mguu wake ulikuwa umekunjwa vibaya chini ya shuka. Mama alilia, akauweka mguu sawa, akalia tena.

Waliporudi nyumbani kitanda kiliwekwa sebuleni, na kompyuta ikakaa juu ya kimeza cha magurudumu mbele yake. Kwa vile ndiyo iliyokuwa na spika nzuri kuliko simu zote za humo ndani, kila mtu aliigusa. Mama alisikilizia taarifa ya habari. Mtu wa mazoezi ya viungo alionyeshea video zake. Baba Mdogo, yaani mdogo wake Refa, alikuja na mechi, maana alisema kaka yake bila mpira angekufa kwa upweke.

Siku moja Chiriku alirudi kutoka kazini akamkuta Baba Mdogo kwenye kiti, miguu juu ya stuli, mechi imekwisha na wachambuzi wanabishana.

"Mmeshindaje?" aliuliza.

"Tumefurahi kupita kiasi. Mchana mzima. Kaka hakutulia hata kidogo, angalia kidole kile. Anashangilia."

Gumba la Refa lilikuwa likibonyeza, linapumzika, linabonyeza. Chiriku aliinama akafunga dirisha la mpira. Nyuma yake lilikuwa lile dirisha dogo, limejaa kutoka juu hadi chini. KIU. KIU. KIU. Neno hilohilo tupu, hadi nafasi ikaisha na herufi zikaanza kupandiana.

Chiriku alikimbilia maji, akayachanganya na ule unga wa kuyafanya mazito ili yasimpalie, akamnywesha kwa kijiko. Refa alimeza kwa taabu, macho yamekodolea dari. Mdogo wake alisimama pale akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Mimi nilijua anashangilia," alisema, safari hii kwa sauti ya chini.

Chiriku alikaa na kompyuta jikoni kabla hata ya kuvua viatu vya kazini. Kuna amri aliyoijua kwa moyo, maana wenye maduka walikuwa wakimwomba kila siku: dirisha la mauzo likae mbele muda wote, muuzaji asipate mwanya wa kulishusha akacheza karata. Aliichukua amri hiyo akaiweka kwenye dirisha la baba yake. Aliondoa alama ya kulifungia. Aliondoa uwezo wa kulishusha chini. Akaliagiza kwamba kikifunguliwa kitu chochote juu yake, lipande lenyewe na kukifunika. Halafu akaleta skrini kubwa kuukuu kutoka ofisini, akaisimamisha nyuma ya kitanda, imewatazama wageni, ili kila herufi ya Refa ionekane papo hapo, kubwa kama kichwa cha habari.

"Sasa," alimwambia mama yake, "hakuna mtu atakayemziba mdomo humu ndani."

Na kweli hakuzibwa. Wageni walipenda ile skrini. Walisimama mbele ya kitanda wakisubiri herufi kama watu wanaongoja matokeo ya bahati nasibu. Ikitokea M, mmoja anasema maji. Ikija A, mwingine anasema mashuka. Ikija T, wote wanapaza sauti kwa pamoja, matunda. Refa akikosea na kufuta, waliona alichofuta na kumcheka kwa upendo. Chiriku ndiye aliyekuwa bingwa. Herufi mbili tu zilimtosha, akamaliza neno, akamaliza na sentensi, na mara nyingi alipatia. Refa mwenyewe hakuiona skrini kubwa, ilikuwa nyuma ya kichwa chake. Alichoona ni nyuso za watu wanaomsoma.

Jumapili moja majirani walikuwa wamejaa sebuleni alipoanza kuandika MKE WANGU NI.

"Nisamehe!" akasema jirani wa mlango wa pili.

"Nina njaa," akasema mumewe.

"Nyie, mzee anataka kusema ninakupenda," akasema mwingine, na sebule nzima ikaangua kicheko. Mama naye alicheka, amefunika mdomo kwa kanga. Gumba likatulia. Mwanga ukaendelea kupita juu ya herufi, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, ukarudi mwanzo, bila mtu wa kuusimamisha.

Wageni walipoondoka Mama alikaa kando ya kitanda. "Baba Chiriku, ulitaka kuniambia nini?" Alingoja sana. Refa aliuacha mwanga upite.

Tangu hapo maneno yake yalipungua. Maji. Geuza. Basi. Mama alidhani ni uchovu. Chiriku, ambaye kila jioni aliongeza kasi ya mwanga kidogo ili kumrahisishia baba yake, alidhani ni tatizo la kasi.

Kisha maji yakampalia, yakaingia mapafuni, na nimonia ikamrudisha hospitalini.

Walimlaza kwenye chumba cha peke yake mwisho wa korido. Mashine ya oksijeni ilikuwa ubavuni mwake ikihema kwa niaba yake, na mrija umepita juu ya masikio hadi puani. Sista wa zamu aliwaruhusu waingie na kompyuta yao na skrini yao kubwa. Akaisogeza chupa ya maji kwenye kabati ili skrini ipate pa kusimama. Chiriku aliwasha kila kitu, akafunga kitufe chini ya gumba. Dirisha likajitandaza mbele kama lilivyoamriwa.

Refa alianza kuandika bila kupumzika. Mama alikuwa upande huu wa kitanda, Baba Mdogo upande ule, Chiriku miguuni, na macho yao yote yalikuwa kwenye skrini.

"Z," alisoma Chiriku. "I." Baba Mdogo alijaribu kukisia, akashindwa. "M. A."

Akalisoma neno zima kwa sauti kabla hajalisikia mwenyewe. "Zima."

Mashine ilihema. Mama aliitazama mashine, akaitazama skrini, akaitazama mashine tena. Alianguka akishikilia pazia, pazia likaja naye. Sista aliingia mbio. Baba Mdogo, hajui hata afanye nini na mikono yake, aliishika waya ya skrini akaing'oa ukutani, kisha akaifunga kompyuta kwa kishindo. Dirisha ambalo halikuwa na alama ya kufungia likafungwa kwa njia hiyo.

Daktari wa wodi alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya mtu asiyepata usingizi wa kutosha. Aliwasikiliza koridoni hadi mwisho.

"Mimi siwezi kufanya lolote kwa neno moja," alisema. "Lakini siwezi kujifanya kwamba halikuandikwa. Nitamuuliza mwenyewe."

Waliingia naye. Daktari alimwinamia Refa, akamshika bega. "Mzee, unanisikia? Kama ni ndiyo, fumba macho uyaache yamefumbwa. Kama ni hapana, yaache wazi. Lile uliloandika, unalitaka kweli?"

Refa alifumba macho.

"Umelifikiria vizuri?"

Akayafumba tena, kwa nguvu zaidi, hadi ngozi ya kando ya jicho ikakunjamana.

Mama alitoka nje bila kungoja swali la tatu. Daktari alisema kesho asubuhi angekuja na mkuu wake, wangeuliza tena mbele ya familia, na mpaka hapo hakuna mtu wa kuamua wala kugusa kitu. Alisema pia kwamba macho yale ya mgonjwa si ya kuaminika sana, lakini alilisema bila kumtazama mtu.

Nje, kwenye ngazi, hatua chache tu kutoka mlango wa chumba ulioachwa wazi, Baba Mdogo alikuwa anajifuta uso kwa kiganja. "Shemeji," alisema, "kaka akipuliza filimbi, mpira umekwisha. Tangu utoto wetu sijawahi kumbishia. Nianze leo?"

"Wewe," Mama alimjibu, "ulimwacha na kiu mchana kutwa ukasema anashangilia. Leo ndiyo umekuwa mjuzi wa anachotaka."

Baba Mdogo alipokea neno hilo kama mtu aliyepigwa kofi hadharani. Alishuka ngazi akaondoka. Ndipo Mama alipomgeukia binti yake.

"Na hicho kioo chako kisirudi mle ndani. Kabla hujakileta mume wangu alikuwa mgonjwa tu. Hakuwa ameomba kufa."

Chiriku aliitia kompyuta mkobani.

Asubuhi alifika mapema, akakaa kwenye benchi la nje ya wodi na kompyuta ndani ya mkoba, skrini kubwa miguuni. Mama alikuwa ndani, amelala kwenye kiti, na hakutaka kusemeshwa. Kwa hiyo Chiriku alitoa simu akaanza kumwandikia. Mama, pengine Baba amechoka kweli. Akafuta. Mama, hata mimi sitaki, lakini yeye ndiye mwenye mwili. Akaitazama, akafuta nusu yake. Mama, tukimlazimisha.

"Ile ya kwanza ndiyo ilikuwa nzuri," ilisema sauti sikioni mwake. "Usingeifuta."

Alikuwa mama mmoja aliyekaa kando yake na chupa ya chai mapajani, shingo imenyooka kuelekea kwenye simu. Alikuwa na uso wa huruma, hana nia mbaya hata chembe. Chiriku aliibamiza simu kifuani, skrini ikiwa ndani.

"Samahani, mama. Haya ni mambo yangu."

"Si nimeona unahangaika, mwanangu, nikasema nikusaidie."

Chiriku alibaki hivyo, simu imegandamana na kifua. Mkono ulikuwa umegeuka wenyewe. Hata hakufikiri. Mtu anayesomwa anageuza simu, anakunja karatasi, anateremsha sauti, anamvuta mwenzake pembeni. Akamwona baba yake kitandani, gumba chini ya plasta, na nyuma ya kichwa chake herufi kubwa kama kichwa cha habari ambazo hawezi kuzigeuza upande wowote. Akakumbuka na jambo jingine. Wakati Baba Mdogo anang'oa waya, mwanga ulikuwa bado unatembea juu ya herufi na gumba lilikuwa limeinuka, tayari kubonyeza. Mtu aliyemaliza kusema hainui gumba.

Alifungua kompyuta magotini. Daktari na mkuu wake walikuwa wanaanza mzunguko wao upande wa pili wa jengo. Aliwasikia wakicheka na sista mlango wa kwanza.

Alilipasua dirisha katika mawili. Moja lilikuwa la kompyuta, linalomtazama Refa, lenye herufi na kila anachoandika na kufuta. La pili lilikuwa la wageni kwenye skrini kubwa, na hilo alilifanya liwe la kijivu tupu, na neno moja tu katikati: ANAANDIKA. Kwenye mstari wa kwanza wa herufi aliongeza vitufe vitatu. ONYESHA, FICHA, ZIMA. Alibonyeza hapa na pale kwa haraka, akajaribu.

Dirisha la kijivu lilikaa kwa kufumba na kufumbua, kisha la herufi likaruka likapanda juu yake na kulifunika. Akajaribu tena. Likapanda tena. Ile amri ya maduka ilikuwa bado imo, inafanya kazi yake kwa uaminifu: kaa mbele ya wote, usifunikwe na yeyote. Sauti za madaktari zilikuwa zimefika mlango wa tatu. Akafuta mstari usio wenyewe, akaurudisha, akautafuta wenyewe, akaufuta. Aliandika tusi moja ambalo hangethubutu kulisema mbele ya mama yake. Dirisha la kijivu lilitulia. ANAANDIKA. Halikusema zaidi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, amejaa mlango wote.

"Nilikuambia nini?"

"Mama, jana daktari alimuuliza nini?"

"Ulikuwepo."

"Alimuuliza lile uliloandika. Kuna mtu alitamka oksijeni? Kuna mtu alitamka kufa?"

Mama alimtazama kana kwamba ametukana. "Nani atamtamkia mgonjwa neno kama hilo usoni?"

"Basi hatujui Baba alikubali nini. Sote tulimuuliza kuhusu lile. Naye alikuwa na lile lake."

Mama hakutoka mlangoni, lakini mkono ulioshika mwimo ulilegea. Nyuma ya Chiriku madaktari walikuwa wamefika, na nyuma yao, amevaa shati la jana, Baba Mdogo.

"Mama," alisema Chiriku, "sitasoma chochote kabla hajataka nisome. Na wewe vilevile."

Mama alijiondoa mlangoni, wakapita.

Chiriku aliweka kompyuta mbele ya baba yake na skrini kubwa mahali pake, akafunga kitufe. Alimwinamia. "Baba, nimeibadilisha. Unachoandika ni chako peke yako. Ukiwa tayari, chagua ONYESHA. Usipotaka, usionyeshe." Refa alimtazama kwa jicho moja lililokuwa na machozi, lakini macho yale yalikuwa na machozi siku zote. Chiriku aliondoka upande ule, akaenda kusimama na wenzake miguuni, mahali ambapo hakuweza kuiona kompyuta.

"Daktari," alisema, "naomba umuulize kwa majina ya vitu."

Daktari alimtazama mkuu wake, mzee mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, ambaye alitikisa kichwa kukubali. Daktari akamwinamia Refa. "Mzee. Hii hapa ni mashine ya oksijeni. Tukiizima, utakufa. Unataka tuizime?"

Mama aliguna kama mtu aliyechomwa. Baba Mdogo alimshika kiwiko, naye hakukitoa.

Gumba lilianza. Kwenye skrini kubwa: ANAANDIKA.

Hakukuwa na kitu cha kukisia. Hakukuwa na herufi. Walibaki na sauti ya mashine na sauti ndogo ya kitufe, tik, kimya, tik. Mkuu wa madaktari aliitazama saa yake, akaivuta mikono ya koti kuifunika. Ilikuwa inachukua muda mrefu kuliko jibu la ndiyo, na mrefu kuliko jibu la hapana. Kuna wakati kitufe kililia haraka haraka mara nyingi mfululizo, na Chiriku, aliyeijua programu yake, alitambua kwamba baba yake anafuta. Alikuwa ameandika kitu kirefu na sasa anakiondoa, herufi kwa herufi. Damu ilimpanda kichwani. Ilibaki hatua chache tu azunguke kitanda aone. Alishika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili.

Tik. Kimya. Tik.

"Tunaweza kurudi baadaye," mkuu alinong'ona.

"Tusubiri," alisema Mama.

Kijivu kiliondoka. Skrini ilijaa kwa mpigo mmoja, bila kumwonyesha mtu safari ya herufi.

HAPANA. NILITAKA DIRISHA LIZIMWE. MNANISOMA KAMA GAZETI LA KUAZIMA.

Mama alisogea akaisoma kwa karibu, midomo ikitembea, akaisoma mara ya pili, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda akaweka kichwa chake kwenye goti la mume wake, goti ambalo halikuweza kusogea. Daktari wa wodi alivua miwani yake na kuivaa tena. Mkuu wake alikuwa wa kwanza kutoa sauti, kicheko kifupi cha puani, na hapo ndipo sista mlangoni alipoangua.

Lakini gumba lilikuwa bado linafanya kazi. ANAANDIKA, ilisema skrini, wakarudi kusubiri. Safari hii haikuchukua muda.

NDUGU YANGU. ULIKUBALI HARAKA SANA.

Baba Mdogo alifungua mdomo. Wote walimtazama, kisha wote wakatazama pengine kwa pamoja. Alijaribu kucheka, kicheko kikaishia njiani. "Kaka," alisema, "mimi niliona ni heshima." Hakuongeza. Alisimama muda wa kutosha ili isionekane anakimbia, akaaga, akatoka. Mama hakumfuata, ingawa hasira yake ya jana ilikuwa imekwisha. Hata yeye hakujua kama lile lilikuwa utani au la, na mwenye utani hakuandika zaidi.

Siku zilizofuata homa ilishuka. Baba Mdogo alikuwa anapiga simu kuulizia hali, hafiki. Refa alipotolewa mrija wa oksijeni, alimwita mdogo wake kwa maandishi, akaonyesha: ALETWE. Waliachwa wawili chumbani na mlango umefungwa. Chiriku alikuwa koridoni, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikaa na mlango uliofungwa bila kuuliza kilichokuwa kinasemwa. Baba Mdogo alitoka macho mekundu, akasema anakwenda kununua machungwa, akanunua mengi kuliko yanayoweza kuliwa na familia moja.

Kuna jambo moja lililobaki likimsumbua Chiriku, naye hakumwambia mtu. Ule muda wote, kabla ya HAPANA. Baba yake alikuwa ameandika kitu kirefu akakifuta. Huenda alikosea tu. Huenda alitafuta namna ya kuchekesha, maana mtu hapati mzaha ule kwa jaribio la kwanza. Na huenda jibu lake la mwanzo halikuwa hapana. Yeye ndiye aliyeandika programu ile. Alijua kwamba kompyuta inatunza kila kilichobonyezwa, hata kilichofutwa, mpaka izimwe. Na ilikuwa haijazimwa tangu asubuhi ile.

Alikaa nayo siku ya kumrudisha mzee nyumbani, kwenye kiti cha nyuma cha teksi, kompyuta magotini, baba yake ameegemezwa kwa mito mbele karibu na dereva. Mama alikuwa pembeni yake ameshikilia mfuko wa dawa. Chiriku alifungua programu, akafika mahali penyewe, mshale umesimama juu ya neno la kufungulia. Alitazama shingo ya baba yake mbele, nywele zilizokuwa zimeota bila kinyozi, na kofia ya mpira wa miguu ambayo Baba Mdogo alikuwa amemvalisha upande.

Akapanda juu zaidi kwenye mistari ya programu, akatafuta amri ile ya kutunza, akaifuta. Kisha akaizima kompyuta kabisa.

"Umemaliza kazi?" Mama aliuliza.

"Bado kuna kitu kimoja kwenye mwanga," alisema Chiriku. "Unakwenda haraka mno. Nitamuuliza mwenyewe anautaka wa kasi gani."